Kabla hujamuuza, mfungue kinywa

Kwa Mhariri,

Msomaji wenu wa Nakuru aliandika katika ukurasa huu kwamba farasi au punda akishazeeka na kuanza kutokeza mbavu, kumlisha ni kutupa pesa, na mwenye akili humtoa mapema, amuuze kichinjioni angali na nyama mwilini. Akaongeza kwamba kumlisha mnyama mzee vizuri ni anasa ya matajiri wa mtaa wa Karen, Nairobi. Mgala muue na haki mpe: chakula cha mifugo kimepanda bei, hilo sibishi. Hayo mengine, nadhani, yametoka kwa mtu ambaye hajawahi kutia mkono katika kinywa cha farasi. Mimi nimeutia miaka mingi, na vidole vyangu vyote ningali navyo.

Kazi yangu ilikuwa usaisi, yaani kutunza farasi. Nilianza kama kijana wa kubeba ndoo katika mabanda ya farasi wa mbio, upande wa uwanja wa Ngong, Nairobi, ule uliofunguliwa mwaka wa 1954. Siku hizi niko Limuru, na nyuma ya nyumba yangu kuna farasi jike wa miaka 26, mwekundu, jina lake Tangawizi. Mwenyewe alipohama nchi aliniachia farasi huyo pamoja na pesa za kumlisha mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, pesa zikaisha, farasi yupo. Kipato changu ni kuchonga kwato za punda na farasi wa watu, na mbolea ya Tangawizi ambayo jirani yangu anainunua kwa ajili ya sukuma wiki. Kwa hiyo habari za utajiri wa Karen tuziweke kando.

Ninalotaka kusema ni hili. Farasi mzee hakondi kwa sababu ya umri. Mara nyingi anakonda kwa sababu chakula anachotupiwa hakisagiki tena kinywani mwake, na mwenyewe badala ya kubadilisha namna ya kukiandaa, anakimbilia agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, kununua gunia la bei kubwa ambalo mara nyingi si la mnyama huyo hata kidogo. Pesa zinatoka, mbavu zinabaki, na lawama zote anabebeshwa mnyama.

Meno ya farasi si kama yetu. Sisi jino likishaota limeota. La farasi ni refu, sehemu kubwa imezama ndani ya taya, na kila mwaka linasukumwa nje milimita 2 au 3 kufidia kile kinachosagika kwa kutafuna. Akiba hiyo ina mwisho. Akipita miaka ishirini na kitu, magego mengine yamebaki vipande vifupi, mengine yanacheza, mengine yameng'oka na kuacha pengo ambalo nyasi hujikusanya humo na kuoza. Halafu taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo jino halisagiki sawasawa. La juu hubaki na ncha kali upande wa shavu, la chini upande wa ulimi. Kila akitafuna anajikata.

Huna haja ya daktari ili kuyaona hayo. Simama mahali anapokulia, utazame chini. Kama meno yamechoka utakuta vidonge vya nyasi vimeviringwa mfano wa sigara ya kusokota, vimelowa mate, rangi bado ya nyasi. Kiokote kimoja ukifumue kwa vidole: nyuzi zake ni ndefu vilevile kama zilivyotoka kwenye robota. Ametafuna, ameshindwa, ametema. Ukija upande wa nyuma, bonyeza mavi yake kwa kiatu. Ya farasi mwenye meno mazuri huwa laini yamesagika, ya mwenye meno mabovu yamejaa nyuzi ndefu. Sasa piga hesabu: robota la nyasi umelilipia, na nusu yake iko chini ikichakuliwa na kuku. Hakuna gunia la agroveti litakaloziba tundu hilo.

Basi shilingi ya kwanza kwa mnyama mzee iende kwa daktari wa mifugo mwenye chombo cha kumfungulia mnyama kinywa na tupa ya meno. Mimi nilipomwita kwa Tangawizi malipo hayakufika bei ya magunia mawili ya chakula. Ila mwambieni daktari mnyama ni mzee. Jino lililobaki fupi halipigwi tupa kama la farasi wa miaka minane. Zinaondolewa zile ncha tu, basi. Nimewahi kuona mzee wa farasi aliyepigwa tupa na mtu mwenye bidii kupita kiasi mpaka akakaa wiki nzima hawezi kutafuna hata karoti. Na kama mdomo unanuka uozo, au chakula kinamtoka puani, au upande mmoja wa uso umevimba, msubiri daktari msijaribu lolote.

Baada ya meno, kamba. Watu wengi hulisha kwa kukadiria kwa macho, na macho hudanganya, hasa manyoya yakiwa marefu. Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150 tu, haimzunguki farasi, ndiyo maana natumia kamba kisha naipima kamba hiyo kwa futi. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, hapo ndipo mzunguko. Kisha pima urefu kutoka kwenye ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 11,877. Jibu ni kilo. Tangawizi ana mzunguko wa 175 na urefu wa 155, yaani karibu kilo 400. Kwa punda hesabu hii haifai, umbo lake ni jingine, lakini kamba ya kifuani inatosha kukuonyesha anaongezeka au anapungua. Funga fundo mahali kamba ilipofika, uitundike msumarini, urudie kila baada ya wiki mbili. Ndugu yetu wa Nakuru angefanya hivyo wiki sita huku akimpa mnyama wake chakula kilicholowekwa, kisha atuandikie tena.

Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 8 za chakula kikavu kwa siku, yaani asilimia 2 ya uzito wake, na sehemu kubwa lazima iwe nyasi au kitu chenye nyuzi kama nyasi. Hapo ndipo wenye ng'ombe hupotea. Ng'ombe ana tumbo la kwanza kubwa la kuchachusha majani, na akishashiba hukaa chini akacheua. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15, na kazi ya kuchachusha nyuzi inafanyika kule nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Kwa hiyo hula kidogo kidogo kutwa nzima. Ukimmiminia debe la unga mara moja, wanga unapita bila kumeng'enywa, unafika nyuma, unachacha, na usiku huo unaitwa: farasi anagaagaa, jasho linamtoka, anaangalia ubavu wake. Kutapika hawezi, Mungu hakumuumba hivyo. Tumbo la farasi likishasokotwa hivyo, ndugu zangu, ni gharama kuliko chakula cha miezi.

Sasa chakula chenyewe. Nasema bei nilizolipa mwezi uliopita hapa kwetu, kwingine zitatofautiana. Robota la nyasi za Boma Rhodes, kilo 15, Sh300. Nakata kilo 5 kwa panga juu ya gogo, vipande vya urefu wa kama kidole gumba, naloweka kwenye pipa tangu usiku. Hiyo ni Sh100. Lusani, majani ya malisho ya jamii ya kunde, iliyosagwa kilo moja na nusu, Sh75. Pumba za ngano kilo moja, Sh30. Mashudu ya alizeti nusu kilo, Sh25. Jumla Sh230 kwa siku, na uzito wake ni zile kilo 8. Zamani tulipokuwa tukilisha chakula cha vidonge cha viwandani, kilo 4 tu za vidonge zilimeza Sh240 kabla hujanunua nyasi hata unyasi mmoja, na bado nyasi zile zilikuwa zinatemwa.

Siri iko kwenye maji. Lusani na pumba nazimwagia maji ya vuguvugu, lita mbili na zaidi, nafunika kwa gunia, naacha mpaka zimevimba na kulainika kama uji mzito unaoshikika mkononi. Zikiwa kavu zinavimba kooni, na mzee asiyetafuna vizuri anakabwa: anasimama ameinamisha shingo, ute na chakula vikimtoka puani. Aliyeona mara moja hasahau kuloweka tena. Nampa mara nne kwa siku: alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi, na saa tatu usiku. Kijana mwenye kazi ya kwenda mjini anaweza kufanya mara tatu, lakini mara moja kwa siku ni kumtafutia mnyama ugonjwa. Na anakula peke yake. Kama una farasi au punda wengine vijana, mtenganishe kwa kamba au lango wakati wa kula, maana mzee husukumwa, na kwa heshima zake anaondoka bila ugomvi.

Chumvi nampa kijiko kimoja cha mezani kila siku, ile ile ya jikoni. Na chokaa ya mifugo vijiko viwili, kwa sababu ya pumba. Pumba za ngano zina fosforasi nyingi mno na kalsiamu kidogo sana. Mnyama anayekula pumba kila siku bila kitu cha kusawazisha huanza kunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa ya uso hulainika na kuvimba, anachechemea leo mguu huu kesho ule, na meno yaliyobaki yanalegea. Nasema chokaa ya mifugo, ile ya agroveti. Ya kupaka ukuta itamchoma kinywa na tumbo.

Jambo hilo la kalsiamu linatuhusu sana sisi wa milimani, maana nyasi ya kikuyu inayoota kila mahali hapa, na nepia tunayokatia ng'ombe, zina oksalati. Oksalati hushika kalsiamu tumboni ikatoka na mavi bila kumfaa farasi. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoivunja, farasi hana bahati hiyo. Simkatazi mtu kumfunga farasi kwenye nyasi ya kikuyu, wangu mwenyewe hula hapo mchana. Ila asiishi kwa hiyo tu. Lusani ina kalsiamu nyingi, na Boma Rhodes haina shida hiyo ya oksalati kwa kiasi cha kutisha, ndiyo maana nimezishikilia hizo mbili.

Nimefika kwenye sababu hasa ya kuchukua kalamu. Jirani zangu wenye punda wa mkokoteni, mnyama akikonda, wanaambiwa dukani: mpe chakula cha ng'ombe wa maziwa, mpe cha kuku wa nyama, huyo atanenepa upesi. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa ya monensini au jamaa zake kama salinomisini. Kwa kuku ni kinga ya koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara, kwa ng'ombe ni ya kumfanya atumie chakula vizuri. Kwa farasi ni sumu ya moyo. Kiasi kidogo sana, ambacho ng'ombe hata hakisikii, kinaua misuli ya moyo wake, na hakuna dawa ya kuitengua. Wengine hufa siku ile ile, wengine huishi lakini moyo umeharibika, siku moja anaanguka akivuta maji. Punda na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, nao wamo hatarini. Huyo mnyama aliyekufa atasemwa alikuwa mzee.

La pili ni mahindi yaliyoota ukungu. Aflatoksini Wakenya tunaijua, tangu mwaka wa 2004 ilipoua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Lakini kuna kuvu nyingine ya mahindi yenye sumu iitwayo fumonisini, na hii farasi na punda huathirika nayo kuliko mifugo mingi: inayeyusha ubongo. Mnyama anazunguka zunguka, anagonga ukuta, haoni, kesho yake amekufa. Kwa hiyo yale mahindi ambayo mama watoto ameyakataa kupeleka posho mill, msiseme basi tumpe punda. Yachomeni.

Kuna na majani ya bure. Kwenye mitaa ya wenye bustani utapewa gunia la nyasi zilizokatwa kwa mashine, bado za kijani. Pokea ushukuru, kamwage kwenye shimo la mbolea. Zimekatwa fupi mno, zimeshaanza kuchacha ndani ya gunia, zinaua kwa tumbo. Za kufyeka kwa kifyekeo na kulisha papo hapo ni nyingine, hizo hazina neno, mradi si kando ya shamba linalopigwa dawa. Na parachichi. Huku kwetu na Murang'a miparachichi imejaa kila ua. Usimfunge farasi chini yake. Majani, maganda, matunda, vyote vina sumu kwake, kichwa na shingo vinavimba mpaka anapumua kwa shida. Karoti za reject sokoni ni njema, ila zikate kwa urefu, si kwa mviringo. Kipande cha mviringo ni kizibo cha koo.

Wenye punda wasije wakachukua hesabu yangu ya Tangawizi wakaipeleka nzima nzima bandani. Punda ni mnyama wa jangwa. Anajitosheleza kwa kidogo na chenye nyuzi nyingi, kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku kwa punda wetu wa kawaida. Punda mwenye meno mazima mpe mabua makavu ya ngano au shayiri na nyasi kidogo, anaridhika. Akiwa mzee asiye na meno, mabua yanamziba utumbo, kwa hiyo mpe nyasi zilizokatwa na kulowekwa na konzi mbili za pumba, inatosha. Ukimpa lusani na mashudu kwa wingi utamletea ugonjwa wa kwato, asimame amejiinua nyuma kama anayekanyaga makaa. Lingine la punda: akiacha kula siku moja, usingoje ya pili. Mwili wake hufungulia mafuta yaliyohifadhiwa yakajaa kwenye damu na ini, na hapo kumrudisha ni kazi ngumu. Mara nyingi huacha kula kwa huzuni, kwa kuwa mwenzake ameuzwa au amekufa. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini madaktari wanalijua. Kama mnakwenda kuwatenganisha, msiwatenganishe siku moja na kubadilisha chakula.

Kubadilisha chakula chochote, kwa farasi au punda, kuchukue wiki moja hadi mbili. Leo konzi moja ya kipya ndani ya cha zamani, kesho kutwa mbili. Vile vijidudu vya utumbo mpana vinataka muda wa kuzoea.

Kuhusu kununua nyasi, hapo ndipo maskini anaweza kumshinda tajiri. Sisi wachache hapa Limuru, mimi, wenye punda wanne na mama mmoja mwenye mbuzi wa maziwa, tuna chama. Mvua za masika zikiisha na nyasi zikishakatwa kule Naivasha na Nyandarua, bei iko chini, tunachanga tunakodi lori moja. Anayengoja Februari ataulizwa bei inayokaribia mara mbili. Robota tunalifungua kabla ya kulipa. Ingiza mkono katikati: likiwa na joto au unyevu, liache. Nusa: lisinuke uvundo. Likung'ute: likitoa vumbi kama moshi, ni ukungu huo, utapeleka mapafuni. Liwe na rangi ya kijani angalau kidogo, na masuke yasiwe yameshapukutisha mbegu zote, maana hapo imebaki kuni. Kwa mzee nyasi laini iliyokatwa mapema ina thamani kuliko robota mbili za mashina. Tunaweka juu ya magogo, si sakafuni.

Nisisahau minyoo. Mwenye kumlisha mnyama mwenye minyoo anawalisha minyoo. Ivermektini ya kunywesha ni bei nafuu, ila ipimwe kwa uzito, na uzito umeshaupata kwa kamba. Kuokota mavi malishoni kila siku mbili tatu ni bure kabisa, na kwangu mimi ni kipato.

Na baridi. Julai ya Limuru mnaijua. Nyuzi zikichacha kwenye utumbo mpana zinatoa joto, kwa hiyo usiku wa baridi naongeza nyasi, siongezi unga. Maji nayapasha yawe vuguvugu, kwa kuwa meno mabovu yanauma kwa maji baridi, mzee anakunywa kidogo, na anayekunywa kidogo anafunga choo. Mgongoni namfunga magunia mawili yaliyoshonwa pamoja na kutiwa blanketi kuukuu ndani. Wageni hucheka. Farasi hajali mitindo.

Molasi niitaje kwa kuwa wengi huiona dawa ya kila kitu. Kijiko kimoja cha kumshawishi mgonjwa ale, sawa. Lakini kuna farasi wazee ambao manyoya yao huwa marefu ya kujikunja na hayapukutiki hata jua likiwaka, wanakunywa maji kupita kiasi, misuli ya mgongo inapungua huku tumbo likining'inia. Hao wana ugonjwa wa tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na sukari huwapeleka moja kwa moja kwenye ugonjwa wa kwato. Kwa mzee wa namna hiyo molasi isikaribie, na daktari amwone. Badala yake, anayehitaji kunenepa mpe mafuta ya kupikia, anza na vijiko viwili upandishe polepole mpaka kikombe cha chai kwa siku. Farasi hana mfuko wa nyongo, lakini mafuta anayameng'enya vizuri.

Ndugu wa Nakuru aligusia kichinjio. Vichinjio vya punda vilipoanza kazi mwaka wa 2016 vijijini kwetu wezi walikuwa wanachinja usiku vichakani na kuacha mizoga bila ngozi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikahesabu takriban milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaondoa marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Kwa hiyo ushauri wa "mtoe mapema" una mnunuzi wake anayeusubiri, na bei anayotoa haitoshi kununua punda kijana wa kuchukua mahali pake. Ulizeni wachota maji.

Sisemi mnyama aishi hata akiteseka. Farasi ambaye hata uji uliolowekwa umemshinda, anayelala akashindwa kuinuka, huyo mwite daktari ampumzishe pale pale nyumbani alipozoea. Hiyo pia ni sehemu ya kumtunza. Ila wengi wanaouzwa hawajafika huko. Wana njaa tu.

Ombi langu kwa idara ya mifugo ya kaunti na kwa watengenezaji wa vyakula ni moja. Gunia lolote lenye monensini, salinomisini au dawa ya jamii hiyo liandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, upande wa mbele, pale mtu asiyejua majina ya kemikali atakapoona kabla hajalibeba mabegani. Maneno manne yanatosha: Usimpe farasi wala punda.

Saisi mstaafu,
Limuru